Kebo za Mtandao za Kufunga: Ipi Inafaa Poti Ipi

Kebo ya mtandao hutoka kwenye poti kwa sababu nne. Klipu ya plagi imevunjika na hakuna kinachoishikilia. Mtu ameigonga kwa ufagio, au ameivuta alipokuwa akitafuta kebo nyingine. Mtu ameichomoa kusudi ili achomeke laptopu yake. Au mtambo unatikisika hadi plagi inalegea taratibu. Soko lina kifaa kwa kila sababu, na vifaa hivyo haviwezi kushikiana zamu: kinachomzuia mwenye mkono mwepesi hakifai kitu kwenye mashine inayotetemeka, na kinachohimili mtetemo hakiingii kabisa kwenye swichi ya ofisini, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo nyingi. Kwa hiyo jua kwanza ni nani au ni nini kinachochomoa kebo zako, ndipo utoe pesa.

Anza na plagi yenyewe

Plagi ya RJ45, ile ya kawaida ya kebo ya mtandao, ikiwa nzima si dhaifu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60603-7 kinaitaka istahimili mvuto wa nyutoni 50, sawa na mzigo wa kilo tano hivi, na ichomekwe na kuchomolewa angalau mara 750. Kinachoiangusha ni klipu, ule ulimi mdogo wa plastiki. Hukatika kebo inapovutwa kinyumenyume katikati ya lundo la kebo nyingine, au inapobonyezwa kwa nguvu na mtu anayepapasa nyuma ya mashine bila kuona. Klipu ikikatika, plagi hukaa kwenye poti kwa msuguano tu. Taa inawaka kijani, kila mtu anaamini mambo yako sawa, mpaka siku mtu akiigusa.

Buti, kile kifuniko laini kinachovikwa nyuma ya plagi, nalo lina hila zake. Buti linalofunika klipu huizuia isinase, lakini mabuti ya bei ya chini hukauka na kuwa magumu yakikaa kwenye hewa ya moto nyuma ya vifaa. Buti likiwa gumu huikandamiza klipu nusu, isiinuke ikashika. Dalili yake ni plagi kuingia bila mlio. Plagi ambayo haikutoa mlio haijafunga, na kufuli utakalovalisha juu yake litakuwa limefungia kosa ndani.

Kisha kuna krimpa, koleo la kubania plagi kwenye kebo. Ndani ya plagi mna jino la plastiki linalotakiwa kubana ganda la nje la kebo. Ukimenya ganda kupita kiasi, jino hubana nyaya nane tupu, na siku kebo ikivutwa nyaya hutoka huku plagi imebaki kwenye poti. Kufuli haliponyi hilo. Linahamisha tu mahali pa kukatikia. Usifumue jozi za nyaya zilizosokotwa zaidi ya milimita 13, hakikisha ganda limepita chini ya jino, na kwa kebo fupi za kwenye kabati nunua zilizokrimpiwa kiwandani. Epuka kebo za alumini iliyopakwa shaba mahali utakapofunga kufuli: alumini huchoka haraka ikikunjwa mara kwa mara, na kebo isiyoweza kuchomoka ndiyo inayobeba mvuto wote.

Ofisi nyingi zikibadilisha kebo zote zenye klipu mbovu, zikazifunga kwa mikanda ya velkro ili zisining'inie, huwa zimemaliza sehemu kubwa ya tatizo kabla ya kununua kufuli hata moja. Gundi na selotepu si mbadala. Gundi huingia kwenye poti, na poti ya swichi haibadilishwi kama taa.

Vifungio vya kuvalisha

Hiki ni kipande cha plastiki kinachovalishwa juu ya plagi ya kawaida. Kikishakaa, klipu haibonyezeki tena kwa kidole, na plagi haitoki mpaka utumie kifaa chake cha kufungulia. Panduit wanacho kwa namba PSL-DCPLX, kikiuzwa vifungio 10 na kifaa kimoja cha kufungulia kwenye pakiti moja, na kingine cha PSL-DCPLRX kwa ajili ya poti zilizozama ndani. Siemon wana mfumo wao wa LockIT, wenye vifungio vya plagi, viziba vya poti tupu na vya plagi za faiba za aina ya LC, vyote vikifunguliwa kwa ufunguo wao.

Kwa mtandao ambao tayari upo, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza. Hubadilishi kebo, hubadilishi swichi, unafunga poti unazotaka na kuacha nyingine. Kebo ikiharibika unahamishia kifungio kwenye kebo mpya.

Ugumu wake uko kwenye nafasi. Plagi ya RJ45 ina upana wa milimita 11.7 hivi, na poti za swichi yenye poti 48 hupangwa kila moja karibu milimita 14 kutoka kwa jirani yake. Maana yake, kati ya plagi na plagi pamebaki takriban milimita mbili. Kifungio chenye kuta nene kitaingia poti moja na kuzuia ya pembeni. Na kwenye swichi nyingi za safu mbili, klipu za safu ya juu hutazama juu na za safu ya chini hutazama chini. Kebo ya juu inafungika bila shida, lakini ya chini huenda ikakosa nafasi ya kupitisha kifaa cha kufungulia kama kuna kifaa kingine kimepandishwa raki moja chini yake.

Buti ni kizuizi cha pili. Vifungio vingi vimeundwa kwa plagi yenye buti jembamba au isiyo na buti kabisa. Lile buti lenye kibanda juu ya klipu huwa haliingii, na fundi asiye na subira hulikata kwa wembe na mara nyingi hukata na ganda la kebo. Nunua kipande kimoja au viwili kwanza. Jaribu kwenye poti ya katikati iliyozungukwa na kebo pande zote, siyo kwenye poti ya pembeni ambako kila kitu huingia. Hapo utajua kabla hujaagiza mia.

Kebo zenye kufuli la kiwandani

Hapa kufuli limeumbwa pamoja na plagi. Leviton, kwa mfano, wana kebo za Secure RJ ambazo hutolewa kwa kifaa maalumu. Uzuri wake ni unadhifu: hakuna kipande cha kupotea, umbo lake limepimwa pamoja na plagi, na mkaguzi akifungua kabati anaona mara moja kwamba kebo ni za kufunga.

Hasara zake huonekana baada ya miezi. Kufuli likivunjika unatupa kebo nzima. Urefu nao lazima uujue mapema: kebo ya mita 1 ikipelea, huwezi kukrimpi nyingine ukaipa kufuli, ya mita 3 ikizidi, unabaki na fundo linalosukuma mlango wa kabati. Na umeshajifunga na mtengenezaji mmoja, kwa hiyo kila unapohitaji kebo ya ziada unasubiri mzigo uagizwe. Tunazishauri kwa mradi mpya wenye michoro na vipimo vilivyoandikwa kwenye zabuni, kama hospitali, benki au chumba cha data. Kwa ofisi iliyokwisha kutandazwa kebo, ni gharama isiyo na sababu.

Plagi za chuma na za skrubu

Familia hii haihusiani na wezi. Inahusiana na mtetemo, maji, vumbi na kebo zinazokanyagwa.

Jukwaani, mfalme ni etherCON ya kampuni ya Neutrik. Ni gamba la chuma linalovishwa juu ya plagi ya kawaida ya RJ45, lenye kitasa kinachojifunga kwenye tundu lake. Mikisa ya sauti ya Behringer X32, ambayo utaikuta kwenye makanisa na kumbi nyingi, ina matundu ya etherCON kwa ajili ya AES50, njia ya kupitisha sauti kwenye kebo ya mtandao, na hapo inatakiwa kebo ya daraja la Cat5e yenye ngao ambayo ngao yake imeunganishwa na gamba la chuma pande zote mbili. Watu wengi huchomeka kebo ya kawaida ya plastiki kwa sababu tundu la etherCON linaikubali, halafu sauti inakatika mtu akipita na kapeti linaposogea. Kinyume chake hakiwezekani: gamba la etherCON haliingii kwenye poti ya kawaida ya swichi. Ukitaka kufunga pande zote, lazima na upande wa pili uwe na tundu lake.

Viwandani, kwenye mabehewa ya treni na kreni, hutumika M12, plagi ya mviringo inayokazwa kwa kuzungushwa. Hapa watu hukosea kuagiza. M12 ya msimbo D ina jozi mbili tu na mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde. Ya msimbo X ina jozi nne na hufika gigabiti 10. Kwa nje zinafanana, lakini haziingiliani. Kinga yake dhidi ya vumbi na maji, ya kiwango cha IP67, ipo tu plagi ikiwa imechomekwa na kukazwa kwa nguvu aliyotaja mtengenezaji, kwa kawaida kati ya nyutoni-mita 0.4 na 0.6, iliyokazwa kwa vidole na kuachwa hulegea kwa mtetemo na kuruhusu maji. Ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, chumvi ya hewani hula nati duni. Lipia chuma cha pua.

Kamera za viwandani za GigE Vision, kiwango cha kutuma picha kwa kebo ya mtandao, zina njia ya tatu: plagi ya RJ45 yenye skrubu mbili ndogo pembeni. Angalia kama matundu ya skrubu kwenye kamera yamepangwa kwa mlalo au kwa wima, maana kebo huuzwa kwa aina zote mbili, na upande wa swichi hubaki plagi ya kawaida.

Kwa kamera za ulinzi za nje, mara nyingi hakuna haja ya kununua chochote. Ndani ya boksi huja glandi ya plastiki (kishikizo kinachobana kebo inapoingia), raba yake na nati, na mafundi wengi huziacha kwenye boksi. Ni kinga ya maji, na pia inashika plagi isivutike. Pitisha kebo kwenye nati na raba kabla ya kukrimpi, kwa sababu plagi ikishawekwa sehemu hizo nyingi haziwezi tena kupita.

Viziba poti na kabati

Kufunga kebo zilizopo na kuacha poti kumi tupu wazi ni kazi nusu. Viziba poti, kama PSL-DCJB ya Panduit au vile vya Lindy, huingia kwenye poti tupu na kutolewa kwa ufunguo. Lindy wanaviuza kwa misimbo ya rangi, na ufunguo wa rangi moja haufungui rangi nyingine. Hilo ni jambo la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu vifungio vya kampuni nyingi hufunguliwa na ufunguo uleule kwa wateja wote. Yeyote aliyenunua pakiti kama yako anao ufunguo wako.

Kabati la kufunga kwa ufunguo hushinda yote haya kwa bei kwa kila poti, mradi vifaa vyote viko ndani yake. Tatizo ni kwamba upande mmoja tu wa kebo ndio ulio kabatini. Upande wa pili uko mapokezini, darasani, chini ya meza ya keshia.

| Njia | Huzuia nini vizuri | Haifai wapi |
|---|---|---|
| Kebo nzima, velkro | kuchomoka kwa bahati mbaya | penye watu wa nje |
| Kifungio cha kuvalisha | kuchomolewa kwa kukosea au kwa udadisi | plagi zenye buti nene, poti zilizobanana |
| Kebo yenye kufuli | hayohayo, kwa unadhifu zaidi | mtandao wa zamani, urefu usiojulikana |
| etherCON | kuvutwa, kukanyagwa | swichi za kawaida |
| M12, skrubu | mtetemo, maji | ofisini |
| Kiziba poti | kuchomeka kifaa kigeni | poti zinazobadilishwa kila siku |

Mahali pasipofaa kufungwa

Kebo inayopita mahali watu wanapotembea usiifunge. Klipu ya kawaida ikivutwa kwa nguvu hukatika na kuacha plagi itoke. Ni hasara ya kebo moja. Kebo iliyofungwa haiachii. Nguvu yote huenda kwenye poti, na unang'oa soketi kutoka kwenye bodi ya kifaa, au laptopu inaanguka, au mtu anaanguka. Kwanza ipitishe kebo ukutani au kwenye mfereji wa plastiki, ibane sentimita 30 hivi kabla ya plagi, acha mkunjo ambao nusukipenyo chake hakipungui mara nne ya unene wa kebo, yaani milimita 25 hivi kwa Cat6. Baada ya hapo, kama bado unaona haja, ndipo uweke kufuli.

Angalia pia kile ambacho plagi imefungiwa. Soketi ya ukutani inashikwa na skrubu mbili, na anayetaka anaifungua na kutoka na soketi, kufuli na kebo kwa pamoja. Soketi za kuchomeka kwenye pachi paneli, ule ubao wa soketi kabatini, nazo nyingi hutoka kwa kubonyezwa kutoka nyuma. Akses pointi za darini, vile vifaa vya Wi-Fi, ni afadhali: nyingi huficha poti nyuma ya bamba, na ukikaza skrubu ya usalama ya bamba hilo, kebo haifikiki.

Na hakuna kufuli la plastiki linalomzuia mtu mwenye mkasi, au mwenye bisibisi nyembamba na muda. Kazi yake ni kumchelewesha na kumfanya aonekane. Anayehofia kifaa kigeni kuingia mtandaoni aanzie kwenye swichi: azime poti zisizotumika, aweke 802.1X (inayotaka mtumiaji ajitambulishe kwanza) kwenye poti zenye watumiaji, na kwenye swichi ndogo angalau kikomo cha anwani za MAC, yaani namba za utambulisho wa vifaa, kwa kila poti, akijua kwamba anwani ya MAC inaweza kuigwa. Swichi pia itume taarifa kila poti muhimu inapokatika. Wanaopokea malipo ya kadi wana sababu ya ziada: PCI DSS, kanuni za usalama wa data za kadi, toleo la 4.0.1 la mwaka 2024, kipengele 9.2.2, kinataka soketi za mtandao zinazofikiwa na umma zidhibitiwe kwa njia ya vifaa au ya mipangilio. Kiziba poti kwenye soketi ya ukumbini, pamoja na poti iliyozimwa, kinakidhi nia hiyo kwa gharama ndogo.

Hesabu ya ofisi ya poti 24

Chukua ofisi yenye swichi moja ya poti 24, ruta, kisanduku cha faiba cha kampuni ya intaneti, seva ndogo, kinasa picha cha kamera na akses pointi mbili. Miunganisho isiyotakiwa kukatika ni hii: kisanduku cha faiba hadi ruta, ruta hadi swichi, swichi hadi seva, swichi hadi kinasa picha, na swichi hadi akses pointi mbili. Jumla sita. Kila mmoja una ncha mbili, kwa hiyo plagi 12. Ukitoa ncha mbili za akses pointi zilizofichwa na bamba, zinabaki 10: pakiti moja kamili, bila akiba. Nunua mbili. Poti za swichi zitakazofungwa hazizidi tano kati ya 24. Zilizobaki za kompyuta ziache na klipu zake, na zilizo tupu zizibe. Hatuoni maana ya kufunga kebo ya kila meza, kwa sababu hizo huhamishwa mara kwa mara na kila uhamisho utamtafuta mwenye ufunguo.

Ufunguo ndio unaoamua kama mfumo utadumu. Weka mmoja ndani ya mlango wa kabati kwa mnyororo, mwingine kwa fundi wa zamu, wa tatu kwenye bahasha kwa meneja. Mahali ambapo kuna ufunguo mmoja tu, mtu mmoja akisafiri na kifaa kikahitaji kubadilishwa usiku, kifungio huvunjwa kwa koleo, na mara nyingi poti huondoka nacho.

Kabla ya kuchomoa kebo inayobeba umeme wa PoE, yaani umeme unaopelekwa kwa kebo hiyohiyo ya mtandao, zima kwanza PoE ya poti hiyo kwenye swichi. Volti huwa kati ya 44 na 57, na plagi ikitoka wakati mkondo unapita, cheche hula dhahabu ya mguso. Kwa kebo ya kufunga hatari huongezeka, kwa sababu fundi huitingisha akihangaika na ufunguo, ikigusa na kuachia mara nyingi.

Ukimaliza kufunga, endesha ping (amri ya kupima kama kifaa cha upande wa pili kinajibu) mfululizo huku ukivuta na kutingisha kila kebo polepole, kisha angalia kasi ya poti. Kiungo kilichokuwa cha megabiti 1000 kikishuka hadi 100, shuku miguso ya pini 4, 5, 7 au 8, maana kasi ya 100 hutumia 1, 2, 3 na 6 pekee na huendelea kama kawaida hata hizo nne zikiwa hazishiki. Angalia pia hesabu ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika: ikipanda unapotingisha, plagi haijakaa sawa na kifungio hakitaiponya.

Mwisho, tazama kebo ya umeme ya swichi yenyewe. Ile plagi ya C13 haina klipu yoyote, na ikitoka inazima poti zote 24 kwa mpigo. Kebo za IEC Lock zina kitufe chekundu cha kuachia na hushika kwenye tundu la kawaida la C14 bila kubadilisha kifaa. Za V-Lock za Schurter huhitaji tundu lenye mkato wake, kwa hiyo usizinunue kabla ya kuangalia nyuma ya swichi.